Shuka Jeupe la Kilima cha Mkongo

Bisheni. Bisheni mpaka makoo yawakauke, halafu nendeni Ikwiriri mkamuulize Haidari mpiga picha kwa nini siku hizi kilima cha Mkongo hakanyagi.

Zamani ndiko alikojidai. Maharusi wote aliwapandisha huko, mto unaonekana chini umejikunja, picha hadi Dar wanaulizana ni wapi. Ila pale juu pana mkwaju, umefungwa shuka jeupe la wenyewe wasioonekana, na watu wa Mkongo hawausogelei bila kupiga hodi. Haidari akaona shuka linamharibia mandhari. Akalifungua, akaenda kulitundika studio, nyuma ya kiti cha picha za paspoti. Kitambaa cha bure, mjanja kaokota!

Mteja wa kwanza, mzee Huseni. Picha ikatoka na mto nyuma ya kichwa.

"Kijana, nimetaka kitambulisho, sijaja kutalii."

Haidari akacheka, akapiga tena. Mto ule ule, ila maji yamepanda.

Jioni nyumba yake ikanuka tope bichi na udi. Mkewe, Mwantum, kasimama jikoni, uso ukutani.

"Mama Johari, unatazama nini?"

"Shii. Wananipungia."

"Akina nani?"

"Wa ng'ambo. Wanasema kesho wananichukua."

Alipomshika bega alikuta kanga imelowa chapa, maji yanachuruzika mpaka kwenye mafiga, na nyuma ya ukuta ule, mahali ambapo tangu wajenge hapajawahi kuwa na kitu zaidi ya banda la kuku, akasikia makasia yakipiga maji, kwanza mbali, kisha karibu, kisha karibu kabisa, mpaka na ukuta wenyewe ukaanza kutoa jasho.

Akakimbilia kwa Bi Kudra, mganga.

"Umechukua cha watu, mwanangu," bibi akanong'ona. "Kirudishe kwa mkono wako, na mkeo awepo. Mkishuka, hata mkiitwa, asigeuke mtu, asiitike mtu."

Asubuhi tukapanda wanne, Bi Kudra mbele, mimi jirani yao nimebeba chetezo cha ubani. Haidari, yule mwenye maneno mengi, alifunga shuka meno yakigongana: "Hodi wenyewe. Nimekosa, nirudishieni mke wangu." Upepo ukakatika. Mwantum akaanguka, akalia, akaomba maji, akamuulizia mwanawe. Tukashuka. Harufu ikaisha, picha zikatoka safi, na mpaka leo Haidari anakula wali wa mkewe na kunenepa.

Hapo ndipo huwa naishia. Leo nawapa na niliyoiruka, na Haidari asiambiwe.

Wakati wa kushuka mimi nilikuwa wa mwisho. Sikugeuka, wallahi. Lakini kule juu mkwajuni nilimsikia Mwantum, sauti yake hasa, analia: "Baba Johari, mbona mnaniacha?"

Na Mwantum alikuwa mbele yangu, kashikwa mkono na mumewe, anamhimiza waharakishe.