Pikapu Iliyombeba Bi Mwajabu

Taa za Mwenge zilipogeuka kijani, magari yote yaliondoka isipokuwa moja. Pikapu kuukuu ya Datsun, ya bluu, ilizima katikati ya makutano, na honi zikaanza kumtukana dereva wake. Dereva alikuwa Naima binti Mwishehe, fundi cherehani wa Temeke, mwanamke wa miaka thelathini mwenye duka lake na maneno yake. Alishuka bila haraka, akaweka sawa mtandio wake wa zambarau, akafungua boneti kama mtu aliyeko uani kwao.

"Dada, ondoa hilo kabati!" konda mmoja alipaza sauti.

"Kabati lina nguo za mama yako?" Naima akamjibu bila kugeuka.

Mtu akacheka nyuma yake. Alikuwa Ismail, mzaliwa wa Masasi, fundi wa magari ya zamani mwenye gereji nyuma ya soko la vinyago. Ovaroli yake ilikuwa safi kuliko mashati ya watu wengi wa ofisini, na penseli ilikuwa imekaa sikioni. Aliinama, akakaza waya mmoja wa betri, akamwambia apige stata. Gari likawaka.

"Asante, braza. Sasa kwa kuwa unajua, nimekuja kutafuta taa ya mbele ya kulia. Datsun ya sabini na nne."

Ismail alichungulia ndani, akatazama dashibodi, akatikisa kichwa.

"Hii ya sabini na nane, sista."

"Nani kakwambia?"

"Yenyewe."

"Basi imekudanganya. Mama yangu kaolewa nayo mwaka sabini na nne, ikiwa mpya, siti zina nailoni bado. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Na wewe ulikuwepo?"

Naima alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Wakawekeana dau palepale, honi zikiendelea kulia. Ikiwa ni ya sabini na nne, Ismail atamtafutia taa bure. Ikiwa ni ya sabini na nane, Naima atamshonea kanzu ya darizi. Wakapeana namba za simu ili mshindi asije akakimbiwa, na kila mmoja alijua hiyo ni sababu ya uongo.

Taa haikupatikana wiki ya kwanza, wala ya pili. Simu ndizo zilizopatikana, asubuhi, mchana na jioni.

"Fundi, taa yangu?"

"Bado naitafuta, kipenzi."

"Kipenzi tangu lini?"

"Tangu juzi. Wewe hukusikia, mie nilikuwa nasema kimoyomoyo."

"Haya, kuanzia leo sema kwa sauti, maana bando nalipia mie."

Walikula chipsi mayai Kinondoni, wakatembea Tandika kuchagua vitambaa, na mwezi wa tatu ulipoingia Naima alikuwa amempenda yule bwana kabisa, kwa moyo wake wote, bila kujizuia. Ikabaki kazi moja tu, ya kumpeleka kwao akaonwe na mama.

Bi Mwajabu alikuwa mjane mwenye karibu miaka sabini. Mumewe, mzee Mwishehe, aliyekuwa akisomba nazi kutoka Mkuranga, alimwachia vitu viwili anavyovitaja kila siku: Naima, aliye kitinda mimba, na ile pikapu. Kadi ya gari iliishia tumboni mwa mchwa zamani, lakini mama hakuhitaji karatasi. Alikuwa na kauli ya mumewe, kwamba gari lile alilinunua jipya kwa ajili ya kumchukulia mke.

Jumapili ile Ismail alifika na shati jeupe, akaamkia, akaketi mkekani, akasifu pilau mpaka Bi Mwajabu akamwongezea nyama. Mambo yalikuwa yamenyooka. Tatizo la Ismail ni kwamba anapojua kitu hawezi kukaa nacho. Baada ya chai alikwenda uani, akafungua boneti ya pikapu, akafuta vumbi kwenye kibati kidogo cha namba kilichopigiliwa ukutani nyuma ya injini, akakilinganisha na daftari lake la namba za magari na miaka yake. Akaangalia na alama za vioo. Kisha akarudi anatabasamu.

"Nimeshinda, Naima. Kibati kinasema, vioo vinasema. Sabini na nane. Nina kanzu!"

Naima alimkonyeza anyamaze. Alikuwa amechelewa.

"Umesema mwaka gani, baba?" Bi Mwajabu akauliza.

"Sabini na nane, mama. Chuma hakidanganyi."

"Mie nimeolewa sabini na nne." Sauti ya mama ilishuka. "Basi lile nililopanda lilikuwa gari la nani? Mwishehe aliazima?"

Bi Mwajabu aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ismail akabaki ameshika daftari.

"Umefurahi?" Naima akamuuliza, machozi yakimlenga. "Mume wake yuko kaburini, hawezi kujitetea. Wewe umemfanya mwongo mbele ya mkewe, kwa sababu ya kanzu."

"Naima, mie nimesema ukweli tu."

"Chukua ukweli wako uondoke nao."

Siku kumi zilipita. Ismail alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukasomwa na kuachwa hivyohivyo. Kule Temeke Bi Mwajabu alikuwa haongei na pikapu tena. Zamani alikuwa akiigongagonga boneti na kuisalimia kila anapopita kuanika nguo. Naima aliyaona hayo, akaapa kwamba mwanamume aliyemwondolea mama yake furaha hawezi kuwa mume wake, hata ampende vipi. Na alimpenda bado, jambo lililomuudhi zaidi.

Siku ya kumi na moja, gereji ya jirani yake Ismail ililetewa Land Rover mbili. Moja ilikuwa imebondeka kichwa, nyingine imeoza chini. Fundi Kornelio, mwenye gereji hiyo, alikuwa akinyanyua kwa winchi kichwa kizima cha ile ya pili, yaani kibanda chote cha dereva, na vioo vyake, na dashibodi yake, ili akiketishe juu ya chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, ya ile ya kwanza. Ismail alisimama na kikombe cha chai akitazama. Kibati chake cha namba nacho kilikuwa kinaning'inia palepale, kinahamia gari jingine.

Chai ilimwagika. Akakumbuka kila alichokisoma uani kwa Bi Mwajabu. Kibati, vioo, dashibodi. Vyote vilikuwa vya kichwa! Chesisi hakuigusa, yeye anayejiita fundi.

Safari hii alipiga kwa simu ya Kornelio.

"Naima, usikate. Nimekosea."

"Rudia."

"Nimekosea. Nafikiri nimekosea. Niruhusu nije nilale chini ya ile pikapu, mama akiwepo. Ikiwa bado ni ya sabini na nane, hutaniona tena Temeke."

"Njoo sasa hivi," Naima akasema. "Na usiniletee tabasamu lako."

Alifika na msasa, petroli na chaki. Bi Mwajabu alitolewa kiti mlangoni, amejitanda kanga, uso hausomeki. Ismail alijisukuma chini ya gari kwa mgongo, akasugua matope na kutu ya miaka, akapaka chaki juu ya chuma mpaka namba za chesisi zikatokea. Akazitaja moja moja. Naima akaziandika kwenye karatasi ya vipimo vya nguo, kisha akazitafuta mwenyewe katika daftari la Ismail. Hakutaka kusomewa na mtu.

"Sabini na nne," alisema. "Mama, ni ya sabini na nne!"

Ismail alitoka chini, uso mweusi kwa oili. "Gari ni lilelile, mama. Kilichobadilishwa ni kichwa. Na kichwa cha gari hakibadilishwi bure. Liliwahi kupata ajali kubwa?"

"Halikupata. Mwishehe angeniambia." Kisha Bi Mwajabu akashika shavu. "Mwaka mmoja, Naima hajafikiriwa bado, alikaa Mkuranga wiki tatu. Akarudi na bandeji kwenye paji la uso, eti kajigonga na mlango. Na gari linang'aa. Akasema kalipaka rangi kunifurahisha." Akajipiga kofi pajani. "Kumbe alipinduka! Mtu alikufa akafufuka, mie namsifia rangi!"

Akacheka, akalia, akacheka tena, na Naima akamkumbatia. Ismail alisimama pembeni, hajui pa kuweka mikono.

"Alinificha nisimkataze barabara," mama akasema akijifuta kwa kanga. "Wewe kijana. Ukipata ajali, mwanangu utamwambia?"

"Siku hiyohiyo, mama. Hata nikiwa na mdomo uliovimba."

"Na ukikosea, utamwambia?"

"Nimeanza leo."

Bi Mwajabu alimtazama Naima, na Naima akatazama chini kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea.

"Basi waambie wazazi wako Masasi," mama akasema, "walete barua ya posa. Sisi tupo, tutaipokea."