Mashua ya Mabao Manne

Kila asubuhi mvuvi na mkewe walikaa mlangoni wakishona wavu. Mume alishika upande huu, mke upande ule, na chai ikapoa katikati yao. Mashua yao ilikuwa imeoza. Siku hizi walivua kwa mashua ya kuazima, na nusu ya samaki ilimwendea mwenye mashua. Akiba yao ilitosha kununua mashua moja tu iliyotumika. Wakikosea, hakuna nyingine.

Ufukweni zilikuwa zikiuzwa mbili, zimelala ubavu kwa ubavu. Moja kubwa, yenye mabao manne ya kukalia. Nyingine ndogo, yenye mabao mawili.

Mvuvi alipanda ile kubwa. Akakaa, akafumba macho. Mara akamwona marehemu baba yake kwenye bao la nyuma, na marehemu baba yake mdogo mbele, kofia imemkaa upande. Maji yakapiga ubavuni, chap, chap. Wote wawili wakamtabasamia.

"Ndiyo hii," alisema.

"Bwana wee, umelala?" mkewe akamuuliza. "Tumwite Bi Nyundo kwanza."

Bi Nyundo, jirani yao, alikuwa fundi wa mashua. Alikuja na msumari mkononi.

"Shikamoo, Bi Nyundo."

"Marahaba, wanangu. Nimeacha chungu motoni. Kikiungua, nakula kwenu."

Akaitazama rangi mpya ya mashua kubwa. "Rangi ni kama poda usoni. Haiponyi ugonjwa." Akachoma mbao kwa msumari, hasa chini na kwenye maungio. "Msumari ukizama, mbao imeoza. Kimbieni."

Haukuzama, si kwenye kubwa wala kwenye ndogo.

"Sasa leteni maji. Mimineni ndani kidogo, yafunike chini tu. Yanapotokea leo, ndipo bahari itakapoingilia kesho."

Kubwa haikuvuja. Ndogo ilidondosha tone moja, kisha lingine.

"Umeona?" mvuvi alicheka. "Ndogo inalia!"

"Chozi nitalifuta kwa pamba na lami," alisema Bi Nyundo. Kisha akagonga bao la kwanza la mashua kubwa. "Hapa atakaa nani?"

"Mimi."

"Hapa?"

"Mke wangu."

"Na hapa? Na hapa?"

"Hilo la baba, na hilo la baba mdogo," alisema mvuvi.

"Nawajua," fundi alisema polepole. "Makasia yao niliyachonga mimi. Lakini marehemu hapigi kasia, mwanangu. Wala haji kuvuta mashua upepo ukichafuka. Haya, shikeni. Vuteni!"

Wakaivuta kubwa. Haikusogea hata unywele. Mke akaanguka mchangani, puu, akacheka mpaka akashika mbavu. Wakaivuta ndogo. Ikateleza juu ya magogo yaliyolazwa mchangani.

"Mashua ni kama kiatu," alisema Bi Nyundo. "Nunua kinachokutosha wewe, si kilichomtosha baba."

Wakanunua ndogo. Fundi akaiziba, ikakauka vizuri.

Siku moja wakiwa majini, mawingu yakawa meusi. Wakarudi mbio, wakaivuta mashua mpaka juu, wao wawili tu. Mawimbi yakapasuka nyuma yao, yasiiguse. Na samaki wote walikuwa wao.

Jua lilipotoka, mvuvi alijinyoosha ndani ya mashua. Usingizi ukamchukua. Akawaona tena baba na baba mdogo. Safari hii hawakuwa majini. Walikaa mchangani, mikono mapajani, kama watu waliomaliza kazi.

"Sogea," mkewe alisema, vikombe viwili vya chai mkononi. "Mabao mawili tu, na wewe umeyalalia yote!"