Karatasi ya Virginie

Mwaka wa 2001 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani kwetu, katika komini ya Tshopo, mtaa mmoja wa mji wetu kando ya mto, kila asubuhi ilianza na dada yangu Virginie. Aliamka kabla yetu, akawasha makaa, akachemsha chai, akafagia uwanja. Akimaliza, aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, akasoma daftari lake huku akiangalia sufuria kwa jicho moja. Kazi hizo zamani zilikuwa za Mama. Mama aliuawa mwaka mmoja kabla, katika zile siku sita za mabomu, majeshi mawili ya kigeni yalipopigania mji wetu, alipotoka kutafuta maji. Hakuna aliyemwambia Virginie ashike nafasi yake. Aliishika tu.

Virginie alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akisoma kompyuta. Majirani walimtania kwa ajili hiyo. Walimuuliza kama atapika kompyuta na lituma ya ndizi, au kama ataiuza sokoni. Yeye alicheka pamoja nao na kuendelea kusoma.

Kweli, chuoni kulikuwa na mashine mbili tu zilizobaki, na wanafunzi thelathini na mmoja. Umeme ulikuja saa chache, siku nyingine haukuja kabisa. Kwa hiyo mwalimu wao, kijana mrefu mwenye sauti ya chini aliyeitwa Wenceslas, na ambaye wote walimwita Assistant, alikuwa na namna yake ya kufundisha. Aliwaandikia programu kwa kalamu, juu ya karatasi. Kila mwanafunzi alijifanya yeye ndiye mashine: alifuata amri moja baada ya nyingine, na kila namba ilipobadilika aliiandika katika jedwali. Jedwali likikubaliwa, ndipo mwanafunzi alipata dakika ishirini mbele ya mashine ya kweli.

Siku ya kwanza ya masomo Assistant aliwapa wote karatasi ya masharti, nao wakatia sahihi. Mlango ulifungwa saa moja na robo. Kusaidiana kuliruhusiwa, mradi uandike chini ya kazi jina la aliyekusaidia. Aliyeleta kazi ya mtu mwingine kama yake aliondolewa katika somo hadi mwaka uliofuata, na katika vita ile nani alijua kama kungekuwa na mwaka uliofuata? Sharti ambalo Virginie alilirudia mara nyingi zaidi, akikimbiza kazi zake za nyumbani, lilikuwa hili: kazi iliyochelewa haipokelewi. Mimi nililishika hilo kichwani kuliko yote.

Jioni nyingi niliketi karibu naye nikitazama majedwali yake. Nilipenda hesabu. Alinieleza amri, nami nilimtajia namba, naye akasema, "Bon, tuendelee." Nilijiona nusu mwanafunzi wa chuo.

Alhamisi moja homa ilimshika Virginie. Alikuwa amelala mkekani akitetemeka, na kazi ya Assistant ilitakiwa Ijumaa saa moja asubuhi. Ilikuwa programu ya mtumbwi. Watu hamsini wanangoja kuvuka mto kwenda Lubunga, na mtumbwi unabeba watu wanane. Amri zilisema hivi: maadamu wanaongoja ni zaidi ya sifuri, toa wanane, ongeza safari moja, kisha rudia. Swali lilikuwa kuandika jedwali lote na kusema kama programu ina kosa. Virginie alikuwa amefika safari ya tatu. Alikuwa ameandika arobaini na mbili, thelathini na nne, ishirini na sita. Baada ya hapo kalamu ilimshinda.

"Annette," aliniambia, "kesho umupelekee Assistant hii karatasi hivi hivi. Umuambie niko mugonjwa."

Nikakubali. Lakini asubuhi, alipokuwa amelala, niliitazama ile karatasi nikaona huruma. Nusu ya kazi ingempa nini? Na kumwambia mwalimu habari ya homa kulinifanya nihisi kama ninaomba. Nilichukua kalamu yake. Nikaiga mwandiko wake, nikaandika kumi na nane, kisha kumi, kisha wawili. Kwa safari ya saba sikuhesabu. Watu wawili waliobaki wanapanda mtumbwi, hakuna anayebaki. Kila mtu anajua. Nikaandika sifuri. Chini nikaandika: programu haina kosa.

Chuoni wanafunzi walikuwa wamejaa mlangoni. Jean-Paul, aliyekuwa kiongozi wa darasa lao, aliniona na sare yangu ya shule akauliza wenzake kama huyu mademoiselle professeur, bibi mwalimu, ametumwa na serikali ya Kinshasa au na wanajeshi wa Kigali. Walicheka wote. Niliona haya, nikaiweka karatasi juu ya nyingine mezani na kukimbilia shuleni. Habari ya homa sikumwambia mtu.

Nyumbani Virginie aliniuliza kama nimeipeleka. Nikajibu ndiyo.

Jumanne iliyofuata alirudi chuoni, amekonda, kitambaa kimefungwa kichwani. Alirudi mapema kuliko siku zote. Alikaa akaosha sufuria ambazo mimi nilikuwa nimekwisha kuziosha. Papa, baba yetu, aliporudi kutoka sokoni, alikokuwa akiuza chumvi na sabuni, alimwangalia mara moja tu akajua kuna jambo. Akamuuliza polepole, na ndipo Virginie akaeleza.

Assistant alikuwa amemwita mbele ya meza yake na kumuuliza jinsi alivyofanya kazi ya mtumbwi. Yeye alijibu kwamba hakuimaliza. Assistant akamwonyesha karatasi iliyomalizika. Akamuuliza nani ameandika mistari ya mwisho, kwa sababu jina la msaidizi halikuwepo. Virginie alinyamaza. Assistant akamwambia asiguse mashine, na kwamba ana hadi Ijumaa ya kueleza. Baada ya hapo jina lake lingefutwa.

"Lakini wewe unajua nani aliandika?" Papa aliuliza.

Virginie alitazama maji ya kuoshea vyombo. "Ninajua, Papa."

"Alors, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ningemutupia mutoto?"

Aliposema hivyo hakunitazama, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenipiga. Nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, hata lile la kutosema habari ya ugonjwa. Nilisema nilitaka kumsaidia, na nililia nikisema hivyo, kwa kuwa ilikuwa kweli na bado haikutosha.

Papa hakupaza sauti. Kisha akasema kwamba kesho asubuhi hatakwenda sokoni. Yeye na mimi tutakwenda chuoni. Alisema jambo moja zaidi: "Utasema weye. Mimi nitasimama pembeni."

Tulikwenda kwa toleka mbili, yaani baiskeli za kubeba abiria, mimi nyuma ya ile ya mbele, Papa nyuma ya ile nyingine. Kwenye kizuizi cha askari tuliteremka, tukapita kwa miguu, tukapanda tena. Njia nzima nilipanga maneno, na tulipofika yote yalikuwa yamenitoka.

Assistant Wenceslas alikuwa peke yake darasani, akipangusa vumbi kwenye mashine iliyozimwa. Papa alimsalimu, akasema mtoto ana neno, akasimama karibu na dirisha kama alivyoahidi. Nilimwambia Assistant kwamba mimi ndiye niliyeandika mistari minne ya mwisho, na kwamba dada yangu alikuwa na homa, na alinituma niseme hivyo nami sikusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa karatasi ya Virginie, akavuta kiti, akaniomba niketi. Akanipa penseli.

"Nifanyie mstari wa mwisho," alisema. "Wamebaki wangapi?"

"Wawili."

"Amri inasema nini?"

"Toa wanane." Nikasimama hapo. "Lakini Assistant, watu hawawezi kuwa chini ya sifuri."

"Wewe unajua hivyo kwa sababu umeona watu. Mashine iliona watu wapi?"

Niliandika: sita chini ya sifuri. Nikaitazama ile namba. Programu ilidhani mtumbwi wa mwisho umevusha watu wanane, wakati ukingoni walikuwapo wawili tu. Hilo ndilo lililokuwa kosa. Assistant alikuwa ameliweka makusudi, ili aliyefuata amri kwa uaminifu alione. Mimi nililiruka kwa sababu niliandika jambo nililotaka liwe.

"Nilipoona ile sifuri," Assistant alisema, "nilijua mtu amekisia. Virginie hakisii. Ndiyo maana nilimuuliza, na aliponyamaza nilihuzunika."

Kisha akamgeukia Papa. Alisema masharti hayakuandikwa ili kuwakamata watu. Kazi iliyochelewa haipokelewi, ndiyo, lakini sharti lile lile linaendelea kusema kwamba mwenye shida aje aseme kabla ya saa, naye ataongezewa siku. Katika vita hii, alisema, nani hana shida? Wanafunzi wake wamezika, wamekimbia, wamelala njaa. Yeye mwenyewe alichelewa darasani mara mbili mwezi ule, na mara zote mbili alituma habari mapema.

Akatoa hukumu yake bila kuongeza sauti. Mistari mitatu ya Virginie ingehesabiwa, kwa kuwa ilikuwa yake na ilikuwa sahihi. Mistari yangu ingefutwa. Virginie angepewa hadi Jumamosi kuimaliza kazi mwenyewe, na angepunguziwa alama kwa kunyamaza kwake, kwa sababu kumficha mwenye kosa nako ni kuficha. Jina lake lingebaki.

Nilimuuliza kama mimi nina adhabu. Alisema adhabu yangu ni kumwambia dada yangu hukumu yote, pamoja na sehemu ya alama zilizopungua, bila kuilainisha.

Nilifanya hivyo jioni ile. Virginie alisikiliza, akakubali kwa kichwa. Halafu akaniita karibu, akaniegemeza begani kwake, akasema ninanuka jasho la toleka. Jumamosi alipeleka kazi yake. Jumatano iliyofuata umeme ulikuja, akakaa mbele ya mashine dakika zake ishirini.

Usiku ule wa hukumu, tukiwa tunakula, Papa alikuwa ameweka kijiko chini. Yeye si mtu wa maneno mengi, na maneno yake nimeyashika hadi leo.

"Annette, kusaidia ni kuzuri. Mama yenu alisaidia watu mpaka siku yake ya mwisho. Lakini alisaidia wazi, muchana, kila mutu anaona. Ukimusaidia mutu kwa kujificha, bila yeye kujua, unamubebesha muzigo wako na hawezi hata kuutua. Kazi nusu ya kweli iko na heshima. Kazi nzima ya uongo haina. Na mwenye shida afungue kinywa mapema. Aibu ya kusema inapita, aibu ya kuficha inakaa."

Kisha akanisogezea samaki, akaniambia nile.