Vitonge vya Idi Mbili

Siku ya kuamkia Ramadhani duka la Jayantilal, pale Alum Rock Road, Birmingham, hufurika watu mpaka nje kwenye masanduku ya viazi, na foleni yake haina adabu. Mwatima alisimama nyuma ya mwanamume aliyekumbatia ndoo kubwa nyeusi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa ametoka kazini Edgbaston, kwenye nyumba ya wazee, alikokuwa akiwainua na kuwalaza watu tangu alfajiri, na miguu ilimuwaka moto ndani ya viatu. Koti lake lilikuwa limekatika vifungo, na mtandio wa zambarau ulikuwa umeteleza mpaka nusu ya kichwa. Hakuwa katika hali ya kupendwa na mtu, wala hakuwa na haja hiyo.

Alimsikia yule mtu akimsalimu Jayantilal kwa Kiswahili. Jayantilal ni mzaliwa wa Tabora, na anayemsalimu kwa Kiswahili huongezewa tende konzi moja.

"Unapaka rangi nyumba?" Mwatima akamuuliza, akiinyooshea kidole ile ndoo.

Mwanamume akageuka. Alivaa kizibao cha ghalani chenye mistari inayong'aa, ndevu amezichonga vizuri, macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi.

"Si rangi hii, dada. Ni unga wa protini. Wa kutia nguvu."

"Umeanza lini kuula?"

"Mwaka jana."

Mwatima akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, bila haraka, kisha akasema, "Basi warudishie waliokuuzia. Nguvu zote wamebaki nazo wao, wewe hukupata kitu."

Jayantilal alicheka mpaka akakosea kupima mchele. Mwanamume naye alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kinachoanza na kukatika njiani. Alisema anaitwa Ussi, mtu wa Unguja, anakaa Small Heath na ami yake Maulid, na kazi yake ni kupakia maboksi kwenye ghala moja huko Nechells. Mwatima alimwambia naye ni wa Pemba, anakaa Saltley kwa shangazi yake, Bi Zainab. Wakaagana hapo, kila mtu na tende zake.

Ramadhani ilikuwa imeshika kasi walipokutana tena, juu ya basi la ghorofa linalotoka mjini, magharibi ikiingia. Mwatima anarudi nyumbani, Ussi anakwenda kuanza shifti. Ussi akafungua kikopo cha plastiki na kumsogezea. Ndani mlikuwa na vitonge vya rangi ya udongo, vimefinyangwa ovyo. Alimweleza kwamba ghalani mapumziko ya kufuturu hayafiki hata muda wa kumenya ndizi, ndiyo maana amejibunia chakula chake: tende, siagi ya karanga, oti za uji na ule unga wake, unavuruga, unafinyanga, basi. Hakuna moto, hakuna sufuria.

Mwatima alitia kimoja mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Hiki chakula cha farasi," alisema.

"Na farasi mwenyewe ndiye mimi."

Mwatima alichukua cha pili. Kesho yake alikuja na hiliki iliyosagwa na ufuta ndani ya karatasi, akamkabidhi bila maneno mengi, na vitonge vya siku iliyofuata vikawa na harufu ya mahali ambapo wote wawili walikuwa wakipakumbuka kwa miaka. Baada ya hapo zikaongezeka simu. Ussi alimpigia kila alipopata mapumziko, amesimama nje ya ghala kwenye baridi, na Mwatima alipokea akiwa ameloweka miguu kwenye beseni. Hawakuwa na mengi ya kusimuliana. Maboksi ni maboksi, na wazee ni wazee.

"Umechoka?" Ussi angeuliza.

"Nimechoka."

"Na mimi. Haya, tuchoke pamoja."

Ndipo Mwatima alipompenda, kwa neno hilo. Wanaume wengine walimwambia ana macho mazuri, na alijua kwamba ni kweli. Huyu alikuwa wa kwanza kuuona uchovu wake na kutaka kukaa nao.

Lakini Bi Zainab alikuwa na mipango yake. Kulikuwa na mtu huko Leicester, jina lake Jaffar, mjane, ana duka la vitambaa na nyumba ya vyumba vingi, na watu wake walikuwa wakisubiri jibu tangu kiangazi. Mwatima alipotaja jina la Ussi, shangazi yake hakukataa wala hakukubali. Alisema kijana mwenye nia huja Sikukuu, mchana kweupe, na mkubwa wake mbele, akatoa mkono wa Idi na kusema shida yake. Akija, watu wa Leicester wataambiwa watafute kwengine. Asipokuja, hakuna haja ya kuendelea kulizungumza.

Mwatima alimfikishia Ussi habari hizo kwa simu, Jumamosi, maneno yakimtoka kwa shida.

"Uje Idi, ukishaswali. Na Ami Maulid. Shangazi hataki mtu anayekuja peke yake kama fundi wa mabomba."

"Nitakuja, roho yangu. Ruhusa ya siku ya Idi nishaipata. Ila msimamizi kanipa kwa masharti, mpaka hapo nitapiga shifti juu ya shifti, na kwenye shifti za ziada simu wanatufungia kabatini, hata mapumziko hatupewi."

"Usiniangushe, Ussi. Sina pa kuinukia."

"Idi yenyewe itakosa kuja kabla mimi sijakosa," alisema, na mapumziko yakaisha.

Hakuna aliyetaja siku. Nani hutaja siku ya Idi?

Jumapili jioni msikiti wa mtaani kwao ukatangaza kwamba kesho ni Sikukuu. Mwatima alijaribu simu ya Ussi, ikawa imezimwa, akasema moyoni kwamba naye ana masikio. Jikoni hakukuwa na pa kupita. Bi Zainab alikuwa ameteka jiko lote, sufuria kila moto, na vileja vinaingia na kutoka kwenye oveni. Hata kama angeachiwa nafasi, Mwatima hakuwa na miguu ya kusimamia moto. Alijibanza mezani, akazitoa tende kokwa na kuziponda kwa mwiko mpaka zikalainika, akamimina siagi ya karanga na asali, akatia oti na ule unga ambao Ussi alimgawia kwenye mfuko. Akanyunyiza hiliki. Akalowesha viganja, akaanza kufinyanga, kimoja kimoja, akivigaragaza kwenye nazi kavu, vikatoka vidogo na vya duara kabisa, vinavyolingana. Mikono ilinukia tende na karanga. Shangazi yake akaja kuchungulia.

"Na hivi havipikwi?"

"Havipikwi, shangazi. Vinakaa frijini vigande."

"Kijana wa watu anakuja kuchumbia, unampa kitu kibichi," alisema Bi Zainab, lakini alichukua kimoja, na baadaye kidogo akachukua kingine.

Jumatatu Mwatima alivaa gauni la kijani kibichi lenye nakshi kifuani, hina ya mikononi ikiwa bado na wekundu wake. Wageni waliingia na kutoka, watoto walipewa pesa za Idi na kuzipoteza chini ya makochi, biriani ikaliwa ikaisha. Sahani ya vitonge haikutoka frijini. Kila kengele ya mlango ilipolia aliwahi kufungua, na kila mara alikuwa ni mtu mwingine anayemtakia heri. Mchana alimpigia Ussi kutoka simu ya mezani ya shangazi yake. Ikaita mpaka ikakata. Meseji hakuandika. Mwanamke hamwandikii mtu kumkumbusha kwamba amtake.

Jua lilipozama nyuma ya matangi ya gesi, Bi Zainab akaja kukaa karibu yake. Hakumsimanga, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mwanangu, mtu akikutaka hakosi siku ya leo."

"Wapigie, shangazi," alisema Mwatima. "Waambie ndiyo. Nimechoka."

Neno lile alilisema mara ngapi siku zote zile, na kila mara lilikuwa na mtu wa kulipokea. Jioni ile lilianguka kwenye zulia, likabaki hapohapo. Alipanda juu, akavua gauni, akalala na hina yake.

Jumanne alirudi kazini. Vitonge alivichukua vyote akavipeleka huko, kwa sababu hakutaka kuviona tena kila akifungua friji. Kwenye chumba cha mapumziko alimkuta Marie-Claire, mama mmoja wa Bukavu aliyefanya naye zamu moja, mtu mzima mwenye sauti kubwa na huruma kubwa zaidi. Akamsogezea sahani. Marie-Claire akala, akasifu, akala tena, kisha akamtazama vizuri usoni.

"Ma chérie, uko nalia juu ya nini? Na leo ni fête yenu ya Idi."

"Ilikuwa jana, mama."

"Apana. Ni leo. Asubuyi mu bus nimeona baba mingi na kanzu zabo, beupe kabisa, banaenda kusali. Kama ilikuwa jana, bale banaenda wapi?"

Mwatima aliweka sahani chini.

Kila Mwislamu wa Birmingham anajua kwamba mji huu una miezi miwili. Misikiti mingine hufuata Makka, mingine haitaki habari za Makka mpaka mwezi uonekane huku karibu. Watu wamebishana mpaka wamechoka, sasa wanavumiliana, na kuna nyumba mke anakula na mume amefunga. Anachojua kila mtu ni hicho. Asichofikiria ni kwamba anayempenda yuko chini ya mwezi mwingine. Walikuwa wamefuturu pamoja ndani ya basi siku zote zile bila kuulizana walianza lini.

Aliomba simu ya Marie-Claire, yake haikuwa na salio, akapiga nyumbani. Sauti ya Bi Zainab ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye wageni sebuleni.

"Kuna mzee hapa na kijana mmoja. Wamevaa, wamejipamba, wamekuja na keki. Wanasema leo Sikukuu. Na mie watu wa Leicester nishawapigia asubuhi, wamepiga vigelegele."

"Nipe huyo kijana, shangazi."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Kisha akasikia pumzi yake.

"Mwatima. Nimekuja kama nilivyosema, naambiwa umeshapewa mtu mwingine." Sauti ya Ussi haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, imechoka kuliko siku zote. "Kama hukunitaka, ungenambia. Nimepiga zile shifti zote kwa ajili ya leo."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Jana nilikuwa kazini, nimefunga."

Mwatima alisikia, kwa mbali, Ami Maulid akimweleza Bi Zainab jambo juu ya kuandama kwa mwezi, na Bi Zainab akimkatiza.

"Mimi jana nilikuwa dirishani kutwa," alisema hatimaye. "Nimekulaani, Ussi. Nimekulaani kwa jina lako na la ukoo wako."

"Ndiyo maana nilikuwa na kiu vile, nikadhani ni funga tu." Kile kicheko chake kilianza, kikakatika njiani. "Umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi tuchoke pamoja. Na safari hii si kwa simu. Nakuoa, kama bado unanitaka."

Mwatima alifunga macho. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nakutaka. Nipe shangazi."

Bi Zainab alipokea tayari akilalamika. Neno limeshatoka, watu wa watu wameshafurahi, ataficha wapi uso wake. Mwatima alimwachia amalize. Kisha akamwambia kwamba amwie radhi, lile jibu alilitoa yeye, na sasa analirudisha yeye, na akitaka atazungumza na Leicester mwenyewe.

"Na mie nikiulizwa, niwaambie nini?"

"Waambie nilijibu kabla mwezi haujaandama."

Halafu ikasikika pumzi ndefu puani, ambayo kwa Bi Zainab huhesabiwa kuwa ni kicheko. Akasema arudi mapema, kwa sababu huyu mzee ameanza kubishana naye kwenye nyumba yake mwenyewe, na chai bado hajaimaliza.

Mwatima alirudisha simu. Sahanini vilibaki vitonge viwili. Marie-Claire alikuwa ameunyoosha mkono kuchukua kimoja, akauona uso wa mwenzake, akaurudisha mkono. Mwatima akavifunga kwenye karatasi laini, akavitia mfukoni mwa koti, akafunga kamba za viatu na kwenda kumgeuza mzee wa chumba cha mwisho, kwani zamu ilikuwa bado ndefu.