Kitanda cha Annabelle

Toroli lilimpanda Chepngetich kidole cha mguu Jumamosi moja ya Mei, kwenye foleni ya duka la miche, siku ambayo nusu ya mtaa wa Etobicoke, huko Kanada, ilikuwa imetoka kununua maua kana kwamba yangeisha. Alikuwa na koti jekundu na raba nyeupe, mpya, na raba moja sasa ilikuwa na alama nyeusi ya gurudumu.

"Mtu hana macho kweli," akanung'unika.

"Samahani sana," sauti ikamjibu nyuma yake. "Mguu wako umekanyaga gari yangu."

Akageuka. Kijana mrefu, shati la drafti, udongo kwenye kucha, na tabasamu la mtu anayeamini kabisa kwamba amesema sawasawa.

"Mguu wangu ndio umekanyaga?"

"Ndiyo. Pole. Mimi si na hasira."

Alitaka kumfokea, akacheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Wakabadilishana namba kabla ya kufika kwa keshia.

Huyo ndiye Kinoti, Mmeru aliyeletwa Kanada akiwa mtoto wa chekechea, ambaye Kiswahili chake alikiokota kanisani na kwenye simu za shangazi zake. Chepngetich, muuguzi aliyekuja kutoka Kericho akiwa mtu mzima, alimpenda na makosa yake yote. Matatizo yalianza Kinoti alipoapa kwamba ridhaa ya mama mkwe ataiomba mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Na mama mkwe huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, wa wale wanaoanza sentensi na kuliachia darasa limalizie.

Majira yote ya baridi Chepngetich alimfundisha. Nita, uta, ata, tuta. Tutakula, tutalala, tutaondoka. Kinoti alikariri akiosha vyombo, akakosea, akaanza upya, na Chepngetich akaishiwa subira mara nyingi kuliko sahani zilizokuwemo kwenye sinki.

Theluji ilipoyeyuka, mama akapiga simu. Mama akikasirika huacha Kikalenjin na kuhamia Kiswahili cha darasani.

"Chepngetich, Annabelle ni nani?"

"Simjui, mama."

"Basi mjue. Kijana wako amenipigia. Ameniambia kwa mdomo wake, 'Mama, nimemtengenezea Annabelle kitanda kizuri, leo atalala kwangu.' Nikamuuliza, na binti yangu? Akasema, 'Chep atafurahi sana.'"

"Mama, Kiswahili chake unakijua."

"Nimefundisha maisha yangu yote, kitanda nakijua. Asikanyage kwangu."

Chepngetich alikaa kwenye kochi, kwenye ghorofa yake ya Dixon Road. Akampigia Kinoti.

"Annabelle yuko kwako?"

"Ah, mama amekuambia! Babe, ilikuwa ni surprise."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Alikuwa anakaa na Bi Noorbanu, jirani. Bi Noorbanu anahamia kwa mtoto wake, hawezi kumbeba. Nikasema nitamchukua mimi. Wewe si ulisema ni mrembo?"

"Mimi nilisema?"

"Mwaka jana. Uko sawa, mpenzi?"

Akakata simu. Akavaa koti lile jekundu juu ya sare ya kazi, akachukua ufunguo wa nyumba ya Kinoti aliopewa siku ya Krismasi, akapanda basi la Kipling kwenda Rexdale kuurudisha. Njia nzima alijiambia hatalia, na njia nzima alijifuta macho.

Kinoti alikuwa uani, matope mpaka magotini. Mbele yake kulikuwa na udongo uliopigwa jembe, ukainuliwa na kuchanganywa na mboji, umekaa karibu na mlango wa nyuma.

"Yuko wapi?" Chepngetich akauliza.

"Huyu hapa."

Akaonyesha fungu la vijiti vilivyoanza kutoa machipukizi, mizizi yake imefungwa gunia lililoloweshwa. Kwenye kijiti kimoja kilining'inia kibandiko cha duka chenye jina la aina ya ua: Annabelle.

Chepngetich alikitazama kibandiko. Alilikumbuka ua lile, lenye vichwa vyeupe vikubwa kama koliflawa, lililochungulia kutoka upande wa Bi Noorbanu. Alikuwa amesema mwenyewe kwamba siku akiwa na kwake, angependa liwe mlangoni.

"Na kitanda?"

"Hiki." Kinoti akapiga udongo kwa koleo. "Bed. Bed ya maua."

"Kinoti, umenitia wazimu. Mama anaamini umeleta mwanamke ndani."

Kinoti akafikiri. Uso wake ukabadilika rangi polepole.

"Ndiyo maana alikata simu."

"Ndiyo maana. Na hilo shimo ni fupi, mizizi itakaa nje. Lete hapa." Akamnyang'anya koleo, akachimba akiwa na sare yake ya hospitali, akifoka kwa kila pigo. Jirani kutoka Dar, Bi Noorbanu, akachungulia juu ya ua wa mbao, akauliza kama kuna ugomvi. "Hakuna, bibi," Chepngetich akajibu. "Kuna mtu nitamuua tu."

Kichaka kiliposimama wima, akampigia mama kwa video, akaelekeza kamera kwenye vijiti.

"Mama, huyu ndiye Annabelle. Na hicho ndicho kitanda chake."

Mama akatazama. Kisha akavaa miwani.

"Kijana, sogea. Kitanda ni cha kulalia watu. Hilo ulilolilima si kitanda. Hilo ni tuta..."

Akanyamaza, maana kikohozi kilimbana. Lakini Kinoti alikuwa ameambiwa habari za mwalimu huyu na sentensi zake. Akasimama wima matopeni, mikono nyuma, mwanafunzi kabisa.

"Tutaoana," akamalizia.

Hadi leo Chepngetich hajui kama alikosea au alikusudia, na kila akimuuliza, Kinoti hujibu kwa Kiingereza.

Mama alikohoa, akavua miwani, akaifuta kwa leso.

"Hiyo," akasema, "umeipata."

Wote wawili wakamgeukia Chepngetich. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwake, na mkono wake ulikuwa umeushika.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Kwanza Annabelle amwagiwe maji." Akafungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake mwenyewe, akaingia ndani kuleta ndoo.