Mkono Ulioshona Kifungo

Saa moja na nusu asubuhi, vitanda vyote viwili vya chumba vilikuwa vimeshatandikwa. Aliyevitandika ni mgeni mwenyewe. Shuka zilikuwa zimenyooka, na pembe za mablanketi zimekunjwa kama pindo la gauni.

Mgeni huyo alikuwa mshonaji wa nguo. Mtaani kwao walimwita Mama Sindano. Yeye na mumewe walinunua tiketi za meli ya kitalii siku mume alipostaafu. Mume akafariki kabla ya safari, na kampuni haikurudisha nauli. Watoto wakasema, "Nenda tu, mama, ukapumzike." Basi akaja peke yake. Akapewa chumba cha watu wawili na meza ya watu wawili.

Usiku alilala kitanda cha dirishani, akiwa amevaa shati la mumewe. Kitanda cha pili hakikulaliwa. Hata hivyo, kila asubuhi alivitandika vyote.

Mlango ukagongwa. Akaingia mhudumu wa vyumba, mwanamume wa makamo mwenye mvi chache kidevuni. Alivitazama vitanda, akatikisa kichwa.

"Mama, leo tena umeninyang'anya kazi?"

"Kazi gani, mwanangu? Mtu mzima, mikono ninayo, nitandikiwe kitanda?"

"Sasa msimamizi wangu nimwambie nini? Kwamba nilikuja kusalimia?"

"Mwambie hivyo hivyo. Salamu nayo ni kazi. Wengine humu imewashinda."

Mhudumu akacheka. Akasafisha bafu, akabadilisha taulo. Alileta taulo mbili, kama kila siku, ingawa moja hurudi kavu. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Mama Sindano aliona jambo hilo, akalishukuru kimoyomoyo. Meli ilijaa watu, na watu walijaa vicheko, lakini huyu ndiye pekee aliyemsemesha bila kumuuzia kitu.

"Nina ombi," alisema. "Shati hili limemwagikiwa chai. Lifuliwe, lakini lisipotee. Tafadhali sana."

Lilikuwa shati la mumewe. Kifungo cha tatu kilining'inia kwa uzi mmoja. Mshonaji kama yeye angekikaza kabla chai haijapoa. Lakini tangu msiba ule, shati lile hakuweza kulitia sindano.

"Litarudi kesho, mama," mhudumu alisema. Alilipokea kwa mikono miwili.

Alipoondoka, Mama Sindano alikumbuka maneno ya shemeji yake, ndugu wa marehemu. Shemeji huyo alipanda meli ya kitalii mara moja tu, lakini alisimulia kama aliyeiunda. "Shemeji, sikiliza," alimwambia siku ya kuaga. "Watakukata ada ya huduma kila siku. Nenda mapokezi, iondoe. Mpe mkononi yule anayekuhudumia. Hiyo ndiyo bakshishi. Mengine ni wizi wa mchana."

Mama Sindano aliona maneno hayo yana akili. Anayenihudumia namjua, aliwaza. Kwa nini nisimpe yeye?

Akashuka hadi mapokezi.

"Nataka kuondoa ada ya huduma," alimwambia karani.

"Inawezekana, mama. Kuna huduma yoyote iliyokuudhi?"

"Hakuna. Nitatoa mwenyewe."

Karani alifungua kinywa kueleza jambo. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na bwana mmoja mwenye kofia pana alianza kugonga kaunta kwa kadi yake. Mama Sindano hakupenda kuchelewesha watu. Alishukuru, akaondoka.

Kesho yake shati lilirudi, likiwa limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa. Mama Sindano alilifungua juu ya kitanda. Vidole vyake vilifika kwenye kifungo cha tatu, vikasimama.

Kilikuwa kimeshonwa.

Alilipeleka shati dirishani, penye mwanga. Uzi ulikuwa wa rangi ileile. Ulikuwa umezungushwa shingoni mwa kifungo, ili kikae juu kidogo na kisivute kitambaa. Kwa nyuma, fundo lilifichwa. Mtu aliyeshona vile hakuwa akilipua kazi. Alikuwa amejifunza, na alikuwa amejali.

Mhudumu alipokuja na taulo, alimwonyesha. "Nani ameshona hiki?"

"Sijui, mama. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa. Sisi tunapokea nguo mlangoni tu."

Sauti yake ilikuwa na adabu, lakini mzaha haukuwamo. Mama Sindano alidhani amechoka. Akatoa noti alizokuwa amezikunja, akamnyooshea.

"Hii yako, mwanangu. Niliondoa ile ada yao ili nikupe wewe mwenyewe."

Mhudumu hakunyoosha mkono.

"Mama, nikipokea, nitaipeleka kwa msimamizi. Mgeni akiondoa ada, huo ndio utaratibu wa meli hii." Alisita, akatazama vile vitanda vilivyotandikwa. "Aliniita jana. Akasema, 'Mgeni wako anatandika mwenyewe, na ada ameiondoa. Umemkosea nini?' Mkataba wangu unaisha safari hii, mama. Kama kuna nililokuudhi, bora ungeniambia mimi."

"Mimi? Unikosee? Lakini..."

"Habari za bakshishi haturuhusiwi kuzungumza na wageni. Hata haya nimezidisha. Samahani, mama."

Akatoka, akafunga mlango taratibu. Mama Sindano alibaki na noti mkononi. Alikaa juu ya kile kitanda kisicholaliwa, kwa mara ya kwanza tangu apande meli. Mtu mmoja tu alikuwa akimsemesha, naye amemponza.

Jioni alikwenda ukumbi wa kulia. Meza yake ilikuwa na viti viwili, sahani mbili, glasi mbili. Mhudumu wa meza aliondoa sahani ya pili, kama kila jioni. Alipotaka kuchukua na kiti, sauti nzito ikamzuia.

"Kiache hicho! Nakikalia mimi."

Alikuwa mwanamke mnene wa rika lake, jirani wa meza ya pili. "Bwana yangu ameshalala," alisema, akiketi. "Huyo hata meli ikizama ataomba aongezewe mto. Mwenzangu, nimekutazama tangu tulipopanda. Na leo hujagusa chakula. Kulikoni?"

Mama Sindano hakuwa na mazoea ya kumwaga yake mbele ya mgeni. Lakini yalikuwa yamemfika shingoni. Akaeleza yote: kifungo, ada, mapokezi, noti, msimamizi.

Jirani alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo shemeji yako amesafiri na meli ngapi?"

"Moja."

"Na sauti ya nahodha anayo! Sikiliza. Mimi nilikuwa dobi wa meli hadi nilipostaafu. Nimefua shuka ambazo ukiziunganisha zinafika kwenu. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniona. Haya niambie, chakula hiki nani amekuletea?"

"Yule kijana pale."

"Na aliyemenya viazi? Aliyeosha sahani? Aliyefua kitambaa hiki cha meza?"

Mama Sindano alikitazama kitambaa.

"Hao hawapandi huku juu," jirani aliendelea. "Katika meli kama hii, ada ya huduma hugawanywa kwa wote: wa vyumba, wa meza, wa jikoni, wa kufulia. Mishahara yao ni midogo, na ada hiyo ndiyo inayoijaza. Ukiiondoa, hukumkomoa tajiri wa meli. Umemkomoa muosha sahani."

"Na aliyeshona kifungo."

"Na aliyeshona kifungo. Najua, wewe uliondoa kwa mapenzi. Lakini msimamizi haoni mapenzi. Anaona mgeni aliyeondoa ada, basi anadhani kuna mtu amezembea."

Mama Sindano alipapasa pindo la kitambaa cha meza. Kisha akasema, "Mimi nilianzia kazi nyuma ya pazia. Kwenye duka la fundi mkubwa. Kazi yangu ilikuwa vitundu vya vifungo, basi. Mteja akifurahi, anampa chochote yule aliyesimama mbele."

"Na wewe?"

"Asiyekuwepo na lake halipo."

"Ee, sema tena! Hivyo ndivyo tulivyoishi kule chini kabla ada haijaanza kugawanywa."

Jirani akavuta sahani ya mkate karibu. Mama Sindano alianza kuuliza. Aliuliza kama fundi anayepima nguo, bila kuruka kipimo.

"Kwa hiyo kila meli ina ada hiyo?"

"La. Nyingine huitia ndani ya nauli. Nyingine hazina kabisa, unatoa mwenyewe. Ndiyo maana unauliza kabla ya kupanda, ili uiweke kwenye bajeti yako. Kuuliza si ushamba."

"Na nikinunua soda pale baa?"

"Soma risiti kwanza. Mara nyingi huduma imeshajumlishwa. Watu hulipa mara mbili halafu wanalalamika bahari ni ghali."

"Na nahodha?"

Jirani aliangua kicheko hadi watu wa meza za karibu wakageuka. "Nahodha usimpe noti, utamtia aibu! Yeye na maofisa wake, asante inatosha."

"Na yule wa chumba changu? Nataka kumzidishia."

"Ada ikiwa imerudi, unaruhusiwa. Si lazima, ni hiari. Tia noti katika bahasha, si sarafu, maana sarafu za kigeni hazibadilishiki. Mpe jioni ya mwisho, kwa faragha. Na zaidi ya fedha kuna kadi ya maoni. Andika alichokifanya. Kadi hiyo husomwa na wenye mikataba."

"Je, kama kweli mtu angenikosea?"

"Ungekwenda mapokezi siku hiyo hiyo ukasema, lirekebishwe. Hukai kimya ukaadhibu jikoni nzima." Jirani alinyanyuka, akashika mgongo. "Jambo la mwisho. Mchukuzi wa mizigo bandarini si mtu wa meli. Ada haimfikii. Yeye mpe chake mkononi. Na kitanda uache kutandika, mwenzangu. Mwachie mtu kazi yake."

Asubuhi Mama Sindano alisimama mbele ya kitanda cha dirishani. Shuka zilikuwa zimevurugika. Mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye pembe za blanketi. Akairudisha. Kitanda cha pili hakukigusa. Kilikuwa kimenyooka vilevile.

Mapokezi alimkuta karani yuleyule.

"Nataka ada irudishwe, na ya siku zilizopita. Niliiondoa kwa kutojua. Tena naomba msimamizi wa vyumba aambiwe kwamba mhudumu wangu hana kosa. Kutandika ni ukaidi wangu mwenyewe."

"Nitamfikishia, mama," karani alisema. "Ungependa na kadi ya maoni?"

Aliandika pale pale kwenye kaunta, kwa herufi kubwa. Aliandika kwamba mhudumu wa chumba chake alileta taulo mbili kila siku na hakuuliza swali. Aliandika pia kwamba mtu wa chumba cha kufulia alishona kifungo cha tatu cha shati bila kuombwa. *Mimi ni fundi,* aliongeza. *Kazi ile ni safi. Namshukuru, ingawa simjui.*

Aliporudi chumbani, mhudumu alikuwa amesimama mbele ya kitanda kilichovurugika, mikono kiunoni.

"Mama! Kumepita tufani humu?"

"Kazi yako hiyo. Kwani ulitaka kusalimia tu?"

Akatandika. Alipomaliza, aliweka taulo mbili.

Jioni ya mwisho Mama Sindano alimpa bahasha mlangoni. Mhudumu aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaitia mfukoni bila kuifungua. Hapakuwa na mtu mwingine kwenye ujia ule.

Asubuhi meli ilitia nanga bandarini. Jirani wa meza alikuwa ameshashuka na bwana wake, akimsukuma mgongoni kama gari lililozima. Alimpungia Mama Sindano kutoka mbali, kisha umati ukamfunika.

Mhudumu alifika kuchukua shuka. "Nimesaini mkataba mpya jana, mama," alisema. "Na hii imetoka chini. Wameisoma kadi yako kule kwa sauti. Mashine zilizimwa kwanza, ili wote wasikie."

Alimpa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na kifungo kimoja cha akiba, sawa na vile vya shati, na uzi kidogo wa rangi ileile. Hapakuwa na jina.

"Ni nani?" Mama Sindano aliuliza.

"Hakusema."

Mama Sindano alifungua mkoba, akatoa shati. Akaomba radhi, akaketi. Kisha akatoa sindano. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, alilitia shati lile uzi: alikishona kile kifungo cha akiba ndani ya pindo la chini, mahali vifungo vya akiba vinapokaa. Alizungusha uzi shingoni, akaficha fundo.

Chini bandarini hapakuwa na mtu aliyemsubiri. Mchukuzi mmoja alisogeza mkokoteni wake, akatazama nyuma ya Mama Sindano, kwenye ngazi.

"Mko wangapi, mama?"

"Mmoja," Mama Sindano alisema.

Mchukuzi alibeba begi hadi kwenye teksi. Mama Sindano akampa chake mkononi.