Mchonga Mihuri na Dirisha la Manispaa

Watu wa mtaani walimtania Mchonga Mihuri kwamba hata gazeti analisoma kwenye kioo. Yeye alicheka nao. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake, maana kazi yake ilikuwa kuandika kinyume.

Kibanda chake kiliegemea ukuta wa ofisi ya manispaa. Ndani mlikuwa na meza, taa yenye shingo ndefu, vipande vya mpira na visu vidogo vyenye ncha kali. Mteja akitaka mhuri, fundi alichonga herufi kwenye mpira, zote zikiwa zimegeuka. Mhuri ukigongwa kwenye karatasi, herufi zilisomeka sawasawa. Kwa miaka mingi macho yake yalikuwa yamezoea. Maandishi ya kinyume aliyasoma upesi kama wewe unavyosoma haya.

Asubuhi moja alifungua kibanda, akafuta vumbi, akanoa kisu na kuanza kuchonga mhuri wa shule. Jirani na kibanda kulikuwa na dirisha la manispaa. Kila siku alimsikia karani pale dirishani akigonga mihuri: ko! ko! ko! Siku hiyo palikuwa kimya. Hata foleni haikuwepo. Kwenye dirisha palibandikwa tangazo.

"Kuanzia sasa," fundi alisoma, "leseni na vibali vyote vitatolewa kwa njia ya simu. Mhuri hautahitajika."

Akasoma tena, neno kwa neno. Mhuri hautahitajika!

Hata jua halijakolea, mwalimu mkuu wa ile shule akafika. Alikuwa mpole mpaka akatia huruma.

"Fundi, samahani sana. Ule mhuri wetu uache tu. Barua zetu sasa zinapita kwenye mfumo wa kompyuta."

"Lakini nimeshafika katikati, mwalimu!"

"Ulipofika nitakulipa. Ila baada ya hapo, fundi, usinitegemee tena."

Mchonga Mihuri akabaki ameshika tama. Alikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira alikuwa na hofu. Maisha yake yote alijua kazi moja tu. Sasa kazi hiyo imetangazwa dirishani kwamba haitakiwi. Akafunga kibanda, akarudi nyumbani.

Mkewe alikuwa msusi. Aliwasuka wateja katika chumba cha mbele, kwenye kiti kirefu karibu na mlango. Siku hiyo kwenye kiti alikuwepo Mama Chapa. Zamani Mama Chapa alikaa na taipureta yake kwenye ukuta uleule wa manispaa, akiwachapia watu barua. Jina la utani alilipata huko. Sasa alikuwa mwalimu wa kompyuta katika kituo cha mafunzo, mtaa wa pili.

"Umerudi mapema, baba," mkewe alisema. "Kuna nini?"

"Wameniua mchana kweupe."

"Nani tena?"

"Mfumo!"

Mkewe hakuacha kusuka. "Mfumo huohuo ndio ulionipa leseni ya saluni yangu. Nimekaa hapahapa, nasuka kichwa cha mtu, simu ikalia, leseni hiyo! Umesahau zamani? Nashinda kwenye foleni, naambiwa faili halionekani. Narudi kesho yake, naambiwa mwenye mhuri ana kikao."

"Kwa hiyo unafurahi mumeo kukosa kazi?"

"Nafurahia leseni. Usiniwekee maneno mdomoni."

Mama Chapa alitaka kugeuka. Msusi akamrudisha kichwa. "Tulia, mstari utapinda!"

"Shemeji," Mama Chapa alisema huku akitazama ukuta, "niambie ukweli. Mtu mwenye kisu na mpira anaweza kuiga mhuri wa manispaa?"

Fundi alisita. Matapeli waliwahi kumfuata wakitaka mihuri ya ofisi za watu, naye akawafukuza. "Anaweza," alisema. "Tena bila kutoka jasho."

"Haya. Leseni ya sasa ina kimraba chenye madoa meusi. Ukikielekezea simu, mfumo wa manispaa unakwambia kama leseni hiyo ni ya kweli. Kudanganya kumekuwa kugumu. Na ukiomba kitu, unaona kwenye simu ombi lako limefika wapi. Mtu wa kukuambia njoo kesho hayupo."

"Hiyo nimeelewa. Na mimi je?"

Mama Chapa akajibu bila kugeuza kichwa.

"Sitakudanganya, shemeji. Mabadiliko haya yanafungua kazi nyingine na kufunga nyingine. Taipureta yangu ilipokosa wateja, nililia kama mtoto. Halafu nikajiuliza, mimi najua nini hasa? Nikaona ninachojua ni kupanga maneno yakapendeza kwenye karatasi. Taipureta ilikuwa chombo tu. Nikaenda kujifunza chombo kipya. Sasa jiulize na wewe. Unajua nini hasa?"

"Kuchonga herufi."

"Basi njoo kituoni. Tuna mashine inayochonga herufi kwa mwanga."

"Kwa mwanga?"

"Kwa mwanga. Inaitwa leza."

Fundi akacheka. Alisema Mama Chapa amesukwa nywele mpaka akili zimebanwa. Lakini chai yake ilipoa mezani bila kuguswa. Kesho yake, mlinzi wa kituo alimkuta amesimama mlangoni, anasubiri wafungue.

Mwanzo ulikuwa wa vichekesho. Fundi alikishika kipanya cha kompyuta kama kisu. Mshale kwenye skrini ukawa unakimbilia pembeni na kujificha.

"Kishike kama yai," Mama Chapa alimwambia. "Hakikuibii chochote hicho."

Kisha akampeleka kwenye mashine. Ilikuwa kubwa kama meza, ina kifuniko cha kioo cheusi. Mama Chapa aliandika neno kwenye kompyuta, akaweka kipande cha mpira ndani, akabonyeza palipoandikwa "Choma". Nukta nyekundu ikaanza kukimbia huku na huko juu ya mpira. Moshi kidogo ukavutwa na feni. Kufumba na kufumbua, mhuri ukatoka. Herufi zilikuwa nyembamba na safi kuliko za kisu.

Mchonga Mihuri alisimama mdomo wazi. "Mama yangu!" alisema. "Hebu fanya tena!" Akafanyiwa tena. Akarukaruka pale alipo, mtu mzima na mvi zake. Kazi ya kutwa imekwisha kabla hata hajamaliza kushangaa!

Tangu siku hiyo hakukosa somo. Alifanya mazoezi kwa kuchonga mihuri ya vikundi vichache vilivyokuwa bado vinaitaka. Aliandika maneno, akayapanga, akabonyeza "Geuza" ili herufi ziwe kinyume, akabonyeza "Choma". Kidole chake kikazoea njia hiyo.

"Sikiliza," Mama Chapa alimwonya. "Kwenye mpira, kisu kikiteleza umekula hasara. Kwenye skrini, kosa halina gharama mpaka uchome. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, mwite mtu mwingine akusomee. Macho yetu yana mazoea, na mazoea ni mabaya."

Akamfundisha pia kujisajili kwenye mfumo wa manispaa kwa simu yake mwenyewe. Ilipofika zamu ya neno la siri, fundi aliandika "Mchonga Mihuri".

"Jina linalojulikana mtaa mzima!" Mama Chapa alishika kichwa. "Shemeji, mtu akija kibandani akitaka mhuri wa shule, unamchongea tu?"

"Thubutu! Bila barua ya mwalimu mkuu, sichongi."

"Basi neno la siri ndilo mhuri wako sasa. Na ile namba wanayokutumia kwenye simu, ni mhuri pia. Humpi mtu. Awe rafiki, awe ofisa, awe nani."

Fundi akafuta na kuandika lingine. Hata mkewe hakumwonyesha, ingawa mkewe alinuna kwa mzaha.

Haikupita muda, manispaa ikatangaza kazi. Kila nyumba ingepewa namba yake. Namba hiyo ingewekwa kwenye mfumo, ili gari la wagonjwa au la zimamoto lifike moja kwa moja, bila kuulizauliza njia. Walitakiwa mafundi wa mitaani wa kuchonga vibao vya nyumba. Maombi yalikuwa kwa simu, na kila fundi angechonga kibao kimoja cha majaribio mbele ya ofisa.

Mchonga Mihuri alijaza maombi mwenyewe, ulimi ukiwa nje pembeni mwa mdomo. Alipomaliza, akatumiwa namba ya uthibitisho, na mara simu ikaita.

"Napiga kutoka manispaa," sauti ilisema. "Nitajie namba uliyotumiwa sasa hivi, nikuharakishie."

Fundi akamkonyeza mkewe. "Kwanza niletee barua ya mwalimu mkuu!" alisema, akakata. Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akaripoti namba ya simu ya yule tapeli, kama alivyofundishwa.

Lakini siku ya majaribio ilipofika, kicheko kilimkauka. Alikuwa amemwambia mkewe wazi kwamba asipopata kazi hii, anafunga kibanda na kuuza visu. Ukumbi wa kituo ulikuwa umejaa mafundi. Ofisa alikuwa mama mrefu mwenye miwani, amekaa kwenye kiti na hacheki na mtu. Mama Chapa alisimama ukutani. Hakuruhusiwa kumsaidia yeyote.

Zamu yake ilipofika, fundi alipiga moyo konde. Akaandika MTAA WA MAFUNDI, na chini yake namba ya nyumba. Akapanga. Kidole chake kikapita njia yake ya kila siku na kubonyeza "Geuza". Akatazama skrini. Maandishi yalimpendeza. Akaweka kipande cha plastiki ngumu ndani ya mashine, mkono ukaenda kwenye "Choma".

Hapo akakumbuka. Mwite mtu mwingine akusomee.

"Kaka," alimwita mlinzi wa mlangoni, "hebu njoo unisomee hapa."

Mlinzi akaja. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Fundi," alisema, "labda uniletee kioo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi alitazama skrini tena, na bado kwake ilikuwa sawa. Kisha akaelewa. Masikio yakawaka moto. Kwa mhuri, ilikuwa sawa. Kwa kibao cha mlangoni, kila mpita njia angepinda shingo! Nusura ajimalizie mwenyewe kazi kwa kidole kimoja.

Akabonyeza "Geuza" mara nyingine. Maneno yakageuka.

"Mtaa wa Mafundi," mlinzi akasoma kwa sauti.

"Haya, sasa nachoma!" fundi alisema, akabonyeza. Nukta nyekundu ikakimbia. Kibao kikatoka, safi kabisa.

Ofisa alikichukua, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Umekosea," alisema, "ila umekosea kwenye skrini. Leo nimeletewa vibao vizuri vilivyochomwa pamoja na makosa yake. Hivyo havina dawa." Akavua miwani. "Niambie, kabla hujayageuza maneno, uliona yanasomeka?"

"Vizuri sana, mama."

"Kinyume?"

"Ndiyo kazi iliyonilea."

Kwa mara ya kwanza ofisa alicheka. "Basi una kazi mbili. Vibao umepata. Halafu kuna vioo vya madirisha yetu. Tukibandika herufi nje, jua linazibabua na watu wanazibandua. Tunataka zibandikwe kwa ndani, zisomeke nje. Kila aliyejaribu amechanganya mambo. Wewe utaweza?"

Mchonga Mihuri akaitikia kwa kichwa, tena na tena. Kule ukutani, Mama Chapa alikuwa anafuta macho kwa kiganja, na wala hakujificha.

Siku hizi kibanda hakifungwi. Juu ya meza kuna kompyuta, na fundi anakodi mashine ya kituo kwa saa. Vibao vyake viko mitaa yote ya jirani. Visu hakuuza, anakatia navyo herufi za kubandika kwenye vioo.

Dirisha la kwanza kuandikwa lilikuwa lilelile la zamani, alikokaa karani wa mihuri. Manispaa ilikuwa imekubali ombi la Mama Chapa. Wapo watu wasio na simu, na wapo wenye simu wasiojua kuzitumia. Hao nao wana haki ya kuhudumiwa. Kwa hiyo dirisha lingefunguliwa tena kwa ajili yao, na karani alikuwa ameshajifunza kuwaombea vibali kwenye kompyuta.

Fundi alisimama ndani na herufi zake, karani pembeni yake. Mkewe alisimama nje, mikono kiunoni.

"Juu kidogo!" msusi alipaza sauti. "Hapo! Usisogeze, mstari utapinda!"

Herufi ya mwisho ikakaa. Mkewe akasoma kwa nje, taratibu, watu wakisikia: "Karibu. Hapa tunawasaidia wasio na simu." Fundi akasoma kwa ndani, maneno yaleyale yakiwa kinyume, na hakukwama hata mara moja. Moyo wake ulijaa furaha.

Alikuwa bado anatazama kazi yake aliposikia sauti. Ko! ko! ko! Akashtuka. Ilikuwa sauti aliyoizoea miaka yote, kutoka dirisha hilohilo. Safari hii ilitoka nje. Bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa anagonga kioo kwa kidole.

"Wanangu, mmeshafungua?"

Fundi akamtazama karani. Karani akavuta kiti, akawasha kompyuta.

"Tumefungua, bibi," fundi alisema, akasukuma dirisha. "Karibu."